Alama Mbili Mgongoni mwa Pikapu

Mimi ndiye mtu wa kwanza katika mtaa wetu wa Isevya kurudi kutoka China na stashahada ya ufundi wa magari. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nikikaa kimya hakuna mwingine atakayesema kwa niaba yangu. Sikubebwa na mjomba wala mfadhili. Nilikaanga mihogo karibu na stesheni ya Tabora nikiwauzia abiria wa treni ya Kigoma, na Kichina cha mwanzo nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, huku mafuta yakichemka mbele yangu. Leo stashahada hiyo iko ndani ya fremu, juu ya televisheni ya dada yangu mkubwa, mahali ambapo mgeni hawezi kunywa chai bila kuiona.

Pamoja na hayo, niliporudi, watu hawakuja kuangalia fremu. Walikuja kuangalia pikapu.

Ilikuwa ya bluu, imetumika lakini haijachoka, na ilikuwa mali ya dada. Yeye ananunua asali kwa warina wa msituni na kuiuza mjini, na miaka yote alikuwa akitegemea magari ya watu. Alinipigia simu nikiwa bado masomoni: "Wewe si ndiye msomi wa magari? Basi nitafutie." Nikamtafutia. Nilichagua gari lililoundwa katika kiwanda kilekile nilikofanya mafunzo kwa vitendo, kiwanda cha ubia: kampuni ya Kijapani upande mmoja, wenzao wa Kichina upande wa pili, na gari moja linatokea katikati. Usukani uko kushoto, kama malori ya Kongo. Mgongoni, kwenye mlango wa nyuma, kulikuwa na alama mbili. Kulia, nembo ya Wajapani, inayojulikana hata na kuku wa Isevya. Kushoto, herufi nne za Kichina: jina la mbia wao.

Herufi hizo nne ndizo zilizoleta maneno.

"Injinia," vijana wa bodaboda waliniita asubuhi ya kwanza, "hilo gari ni la Mjapani au la Mchina?"

"La wote wawili."

"Gari haliwezi kuwa na baba wawili, kaka. Mmoja atakuwa jirani."

"Redio yangu ya Mchina," mwingine akadakia, "ilikufa kabla ya betri."

Wakacheka mpaka mmoja akaegemea pikipiki yake ikaanguka. Nami nilicheka, lakini nikawaeleza, kwa sababu elimu isiyoelezwa ni mzigo tu. Niliwaambia nilivyoshangaa mimi mwenyewe nilipoingia kiwandani mara ya kwanza. Nilidhani nitakuta Wajapani wanaamuru na Wachina wanatii, au kinyume chake. Nilikuta bwalo moja la chakula lenye supu mbili, na foleni mbili ambazo watu walihama kutoka moja hadi nyingine kulingana na harufu ya siku hiyo. Nilikuta matangazo ya lugha mbili ukutani. Na juu ya mstari wa kuundia magari kulikuwa na kamba ndefu. Mfanyakazi yeyote, hata mimi mwanafunzi kutoka Tabora, akiona kasoro aliruhusiwa kuivuta, na mstari mzima ungesimama. Niliivuta siku moja kwa sababu ya nati iliyokaa upande. Alikuja Mjapani, akaja na Mchina, wakainama wote wawili, vichwa karibu vigongane. Hakuna aliyeuliza nati ile ni ya nchi gani.

"Walikupiga?" kijana wa bodaboda aliuliza.

"Walinishukuru."

"Basi hao si watu wa kawaida," akasema, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimeanza kueleweka.

Dada hakuwa na nafasi ya kucheka. Kule Usinge, mbali baada ya Kaliua, kikundi cha warina asali kilikuwa kinachagua gari la kubeba asali yao msimu mzima. Mfanyabiashara mmoja wa mjini aliomba kazi hiyo kwa pikapu yake kuukuu, na kila alipopita alikuwa akisema kwa sauti, "Hii ni ya Mjapani peke yake." Dada naye aliomba. Asingeipata kazi ile, pikapu yake ingekaa uani ikifunikwa na turubai, na yeye angerudi kwenye vitumbua alivyouza kabla ya asali. Aliniambia hivyo bila kulia. Kisha akaongeza, "Na gari ulichagua wewe." Kwa hiyo hata jina langu lilikuwa limepakiwa humo.

Wiki ile nilikuwa Nzega nikirekebisha mashine ya kukoboa mpunga, kazi ambayo mafundi watatu walikuwa wameshindwa. Niliporudi, alfajiri ya safari ya Usinge, nikazunguka nyuma ya pikapu kukagua matairi. Nembo ya Wajapani ilikuwepo. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Yaani palikuwa na kitu: kivuli cha herufi nne, bluu iliyokolea ambapo jua halikuwahi kufika, na mikwaruzo ya wembe juu yake.

"Dada, herufi ziko wapi?"

"Nimempa fundi wa gereji azitoe. Kwa nini niende na maneno ya watu mgongoni? Nimemwondoa Mchina, amebaki Mjapani. Watapenda."

"Zenyewe ziko wapi?"

"Alizitupa. Panda, tutachelewa."

Nikapanda. Barabara ya magharibi ni ileile waliyopita wapagazi wa kale kuelekea Ujiji, na babu yetu alipenda kusema kwamba Mnyamwezi hajawahi kuogopa mzigo, anaogopa kuubeba bila kujua ni wa nani. Sikuwa nayafikiria maneno hayo siku hiyo. Nilikuwa nafurahia usukani. Dada alikaa kulia, mahali pa dereva katika magari ya kila mtu, na kabla ya Urambo askari wa barabarani alimfuata yeye dirishani. "Mama, punguza mwendo." Dada akanyoosha mikono miwili mitupu. "Afande, mimi hapa nasali tu. Mwendeshaji ni huyo msomi."

Usinge tulikuta kikundi kimekusanyika mbele ya ghala lao, ndoo za asali zimepangwa kivulini, harufu ya moshi na nta imejaa mahali pote. Mwenyekiti wao ni mama mmoja Muha, mtani wa sisi Wanyamwezi, mtu mzima, mkono wake mmoja umevimba kwa miiba ya nyuki wa juzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanipima kwa macho.

"Huyu ndiye Mnyamwezi aliyekwenda mpaka China?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kwa miguu? Si babu zenu walikuwa wanabeba meno ya tembo kwa miguu?"

"Safari hii nimebebwa, mtani wangu. Waha ndio waliobaki wanatembea."

Watu wakacheka, na dada akashusha pumzi. Utani ukianza vizuri, kazi nusu imekwisha. Mwenyekiti akazunguka gari. Akagonga bodi, akapima sehemu ya mizigo kwa mikono, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye mlango wa nyuma, akaweka kidole kwenye ile bluu iliyokolea, akakipitisha polepole juu ya mikwaruzo.

Uso wake ukabadilika.

"Hapa palikuwa na nani?"

Dada akajibu haraka, kwa furaha kabisa, "Palikuwa na Mchina tu, mama mwenyekiti. Nimemwondoa. Gari sasa ni la Mjapani."

Wanaume wawili waliokuwa wameanza kusogeza ndoo wakazirudisha chini.

Mwenyekiti akatuonyesha mzinga uliokuwa umeegemezwa ukutani mwa ghala, gogo lililochongwa, mweusi kwa miaka ya moshi. Karibu na mdomo wake kulikuwa na alama mbili zilizokatwa kwa shoka: mikato mitatu ya kusimama, na pembeni yake kitu kama unyayo wa ndege.

"Huu ni mzinga wa ubia," alisema. "Mmoja alichonga, mwingine ndiye mwenye eneo na mti. Asali wanagawana. Aliyechonga amefariki, na alama yake iko palepale, watoto wake wanapata fungu lao. Sasa nikikuta mzinga msituni umekwanguliwa alama, najua jambo moja tu: umeibiwa. Hata uwe unamwaga asali, hatuugusi. Na anayekutwa nao hatufanyi naye kazi." Akamgeukia dada. "Wewe mwenzangu umekuja na mzinga uliokwanguliwa."

Dada akaifunika mikwaruzo kwa kiganja. Hajawahi kuiba hata mchicha wa jirani. Tangu utoto anauza na kununua, na alikuwa amefanya kile ambacho mtu wa sokoni hufanya: kuondoa kinachomchukiza mteja. Kule mjini kingepita. Hapa alikuwa amekwangua kitu pekee ambacho watu hawa wangekiamini.

Sasa niseme kilichotokea bila unyenyekevu wa uongo. Pale palihitajika mtu anayesoma Kichina, na katika Wilaya nzima ya Kaliua saa ile sidhani kama alikuwepo mwingine.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "hilo jina nalifahamu. Nimelipita getini kila asubuhi mwaka mzima. Nipeni rangi, nilirudishe."

Walikuwa na rangi nyekundu ya kuandikia namba za mizinga mipya ya mbao. Brashi ilikuwa imekauka kama kwato. Nikatafuna kijiti mpaka ncha ikawa nyuzi laini, nikachuchumaa nyuma ya gari na kufuata kivuli cha herufi, mkato baada ya mkato, kwa mpangilio niliofundishwa: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Watu wote wakanizunguka.

"Nzuri," mwenyekiti akasema nilipomaliza. "Lakini sisi tutajuaje kama hukuandika matusi?"

"Au jina la mchumba aliyemwacha huko," akasema mmoja nyuma, na kicheko kikarudi.

Nikafungua boneti. Ndani, kwenye ukuta wa injini, kuna kibati kilichopigiliwa kiwandani, na juu yake herufi zilezile nne, ndogo, karibu na jina la Wajapani. Fundi wa wembe hakufika huko. Walikuja mmoja mmoja, wakaangalia kibati, wakaenda nyuma kuangalia rangi nyekundu, wakarudi tena kwenye kibati. Bwana mmoja alilinganisha kwa kuchora mchangani kwa kidole. Mwenyekiti alikwenda na kurudi mara nyingi kuliko wote.

"Zinafanana," akasema mwishoni. "Ila za kwako zimenenepa."

"Rangi yenu ni nzito, mama."

Nilidhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza wamepata hamu. Walitaka kujua kila kitu. Nani alichonga na nani mwenye mti? Nikawaambia Wajapani walileta uchongaji na Wachina walikuwa na mti: ardhi, kiwanda, watu na soko. Je, wakigombana? Wanagombana, nikasema, lakini ndani, mstari ukiwa unaendelea. Mbia mmoja anaweza kuondoka? Anaweza, ila gari lililokwisha toka linabaki na majina yote mawili. Hilo lilimpendeza mwenyekiti. Aliligeuza kwa Kiha kuwaambia waliokaa mbali.

"Na likiharibika anaulizwa nani?"

Nikalala chini ya gari na kuwaita wafuate. Waliokuwa na nguo safi walisita, warina hawakusita. Nikawaonyesha bolti za kushikilia ekseli. Kila moja ina mstari mwembamba wa rangi, kutoka kwenye kichwa cha bolti hadi kwenye chuma. Kiwandani, ukishakaza bolti unaichora, isiyochorwa haijakazwa. Na zile za hatari huchorwa mara mbili, rangi mbili tofauti, moja ya aliyekaza na nyingine ya aliyekagua, na hao ndio wanaoulizwa. Bado zilionekana, chini ya vumbi la miaka.

"Hii ina wawili," sauti ikasema gizani karibu na sikio langu.

"Na hii ya kwangu mmoja."

"Futa vumbi kwanza. Wawili!"

Sijui kama kuna darasa lililonifurahisha kuliko lile, watu wazima sita chali chini ya pikapu, wakihesabiana rangi.

Walipotoka wakijipangusa, mwenyekiti alikwenda mpaka kwa dada, ambaye muda wote alikuwa amesimama peke yake karibu na mlango wa kulia, kama dereva asiye na usukani.

"Mwenzangu, asali tutakupa. Lakini gari hili lina wawili waliolitengeneza, halafu lina wewe unayelibeba maishani mwako, na wewe huonekani popote. Weka alama yako."

"Mimi sina alama, mama. Sisi watu wa mjini."

"Kila mtu ana kitu ambacho mkono wake unakijua."

Dada alichukua kile kijiti changu. Alifikiri. Kisha, chini ya herufi nne, kwa mzunguko mmoja usiotetemeka, akachora duara, na katikati yake akaweka nukta.

"Ni nini?" mwenyekiti akauliza.

"Kitumbua," dada akasema. "Ndicho kilichonifikisha kwenye asali."

Wanaume wakaanza kupakia ndoo.

Tuliingia Isevya kesho yake mchana, gari limekaa chini kwa uzito, nyuki wachache bado wanatufuata. Vijana wa bodaboda wakasogea moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma.

"Injinia! Mbona sasa wamekuwa watatu? Baba wa tatu ni nani?"

Nilikuwa na jibu zuri tayari, lakini dada alishafungua mlango wake wa kulia na kushuka.

"Huyo wa tatu ni mama," akasema. "Njooni mshushe ndoo."