Haji Amur na Kanuni ya Mkubwa kwa Umri

Haji Amur hakuingia siasa kwa mlango wa maneno; aliingia kwa mlango wa vitambaa. Chama cha Mzinga kilipoanza kilihitaji mabango, na duka lake la vitenge pale Quartier Asiatique, mjini Bujumbura, ndilo lililokuwa karibu. Akatoa jora zima la kitambaa cha njano, akaongeza dua ya heri, akasahau. Vita ikaja, ikakaa. Wakubwa wakaenda Arusha kujadiliana, wakarudi na habari ya bunge la mpito ambamo hata vyama vya watu wa kujaa teksi moja vingepewa viti. Mzinga kikapata viti sita. Wakatafutwa watu sita wanaojua kuvaa vizuri na kunyamaza, na mmoja wa kwanza kukumbukwa akawa yule wa kitambaa cha njano.

Basi Haji akawa mheshimiwa. Asubuhi alipima vitenge, mchana alikwenda bungeni kuinua mkono pale wenzake walipoinua. Kazi zote mbili zilimfaa, maana alikuwa na mikono mirefu.

Alikuwa na siri moja tu, ambayo Bujumbura nzima iliijua: ndevu zake. Kila Alhamisi alizipaka rangi nyeusi ti, na Ijumaa akaenda msikitini na ndevu za kijana chini ya macho ya mzee. Mwanzoni ilikuwa mazoea tu. Kisha akatokea Waridi.

Waridi alikuwa mjane, fundi wa mapazia. Alishonea zile nyumba kubwa za Kinindo walikokaa wageni wa mashirika, na kitambaa alikinunua kwa Haji. Alikuwa na kicheko cha kuamsha mtaa. Haji alimpenda tangu siku alipomwambia kwamba kitambaa chake ni kibaya, kisha akakinunua hivyo hivyo. Lakini mke wa rafiki yake Muadh alimletea onyo: Waridi alimuuguza marehemu mumewe kwa miaka mingi, na amekula kiapo. "Amesema hivi: mi nimeshaosha mzee mumoja, wa pili sitaki."

Tangu siku hiyo Haji akawa hajafika hamsini. Alipanda ngazi ya duka mbiombio Waridi akiwepo, kisha akajificha nyuma ya majora ya khanga kuvuta pumzi.

Mambo yakawa hivyo mpaka ilipokuja zamu ya kiti. Katika makubaliano ya bunge lile, kiti kimoja cha makamu wa spika kiliachiwa vyama vidogo, kwa zamu, na safari hiyo zamu iliangukia Mzinga. Wengi hudhani kiongozi wa bunge huchaguliwa bungeni. Ukumbini ni kama siku ya ndoa: bwana harusi anaulizwa "umekubali?" lakini yalikwisha zamani, sebuleni kwa wajomba. Wabunge wa Mzinga wangekutana peke yao, wachague jina, wote sita wafungwe nalo, na vyama vingine viinue mikono tu.

Sebule yenyewe ilikuwa ya Mama Dorothée, Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu. Yeye ndiye aliyeongoza kundi la wabunge wa Mzinga, na kanuni za chama alizishika kama Mkristo anavyoshika rozari. Majina yaliyotolewa yalikuwa mawili: Haji Amur, na Gaspard wa Ngagara, mwalimu mstaafu aliyecheza mpira na vijana kila Jumapili, winga wa kushoto, na hakukosa kuwaeleza watu mabao yake.

Wakapiga kura. Tatu kwa tatu. Wakanywa chai, wakapiga tena. Tatu kwa tatu.

Mama Dorothée akavaa miwani. "Kanuni inasema: kura zikilingana mara mbili, anayeshinda ni mkubwa kwa umri. Tutazame vitambulisho."

Vitambulisho vikatolewa. Cha Haji: kazaliwa karibu mwaka 1950. Cha Gaspard: kazaliwa karibu mwaka 1950. Karani aliyewaandikisha zamani alikuwa mtu mwenye haraka, na kila asiyejua tarehe yake alimpa mwaka huo huo.

"Basi," akasema Mama Dorothée, "Jumamosi kila mutu alete shahidi wa kumufahamu toka utoto. Halafu kandida mwenyewe atasema mbele yetu: nakubali, ama nakana. Neno lake ndilo la mwisho."

Wiki ile watu wawili wazima walizeeka kwa kasi isiyowahi kuonekana mjini.

Gaspard aliacha mpira. Jumapili alionekana Ngagara amekaa pembeni ya uwanja, blanketi magotini, akikohoa kila mpira ulipompita karibu. Alimwita kila mtu "mwanangu", hata padri. Aliwaambia wapita njia kwamba yeye alizaliwa wakati viboko wanalala pale penye mtaa wa Quartier 4 leo.

Haji yeye alikuwa na kazi ngumu zaidi: kuwa mzee kwa chama na kijana kwa Waridi, katika mji ambao wote hununua mkate mahali pamoja. Muadh, mbunge mwenzake, aliyekuwa na duka la dawa na kura moja katika zile tatu za Haji, alimshauri aondoe rangi ya ndevu. Wakasugua kwa limau, wakasugua kwa sabuni ya kufulia. Rangi ikakataa kutoka, ikakubali kubadilika. Ndevu zikawa za zambarau.

"Inapendeza," alisema Muadh, akitazama pembeni.

Haji akajifunga kitambaa kidevuni, akasema ni jino. Siku iliyofuata alikuwa akitoka dukani na mkongojo, amepinda mgongo vizuri kabisa kwa ajili ya mbunge mmoja aliyekuwa akipita na gari, ndipo Waridi akatokea mlangoni.

"Haji! Fimbo ya nini?"

Mgongo ukanyooka kama umepigwa pasi. "Ya kupimia," akasema, akaulaza mkongojo juu ya jora la kitenge. "Futi imepotea."

"Basi nipimie fimbo sita," akasema Waridi, na akakaa pale mpaka zote zikapimwa.

"Na jino?"

"La ujana," akasema Haji. "Linaota."

Waridi akaenda zake na kitenge chake, akicheka hadi kona ya mbali.

Jumamosi ikafika. Upande wa vilima mizinga ya vita ilikuwa ikisikika kwa mbali, kama mtu anayesogeza makabati ghorofani, na Mama Dorothée akasema waanze mapema, ili couvre-feu, ile amri ya kutotoka nje usiku, isiwakute hapo wakahesabu umri hadi asubuhi.

Shahidi wa Gaspard alikuwa binamu yake, ambaye alithibitisha habari ya viboko, akaongeza mamba bila kuombwa. Gaspard akaulizwa, akasimama kwa kushikilia meza, akasema kwa sauti ya kaburini: "Nakubali." Akakaa, akasahau kukohoa, akakumbuka, akakohoa.

Haji hakuwa na shahidi. Shangazi yake, Bi Ghanima wa Buyenzi, ndiye pekee aliyebaki wa kumjua tangu utoto, na Haji hakumwita, kwa sababu Bi Ghanima hakuwahi kuficha neno tangu azaliwe. Alikuwa amekusudia kuzungumza mwenyewe, kwa mafumbo, apate kiti bila kutaja mwaka. Alikuwa bado anasafisha koo mlango ulipofunguliwa, akaingia Bi Ghanima, amefunikwa mtandio mweupe, ameshikwa mkono na Waridi.

Haji akahisi kidevu chake kikiwaka moto chini ya kitambaa.

"Shahidi huyu ni wa nani?" akauliza Mama Dorothée.

"Wa huyu hapa," akasema Bi Ghanima, akimwelekezea Haji kidole. "Amur. Mi ndiye nilimubeba mugongoni. Alikuwa na meno mbili mbele, akaniuma bega, alama iko mpaka leo. Na siku ya kumutahiri alikimbia! Akatoka mbio bila nguo mpaka sokoni, wanaume wanamufuata, wauza samaki wanapiga vigelegele. Redio ya Muhindi ilikuwa inasema vita ya Hitler haijaisha."

Sebule ikapasuka. Mbunge mmoja wa upande wa Gaspard aliteleza kwenye kochi akakaa chini. Muadh alikuwa akihesabu kwa vidole na uso wake ukang'aa: tangu vita vya Hitler! Ushindi ulikuwa mikononi.

Lakini Haji hakuwa akimtazama Muadh. Alikuwa akimtazama Waridi, aliyesimama nyuma ya bibi na mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Haji aliona mabega tu, akadhani analia.

"Shangazi amechanganya," akasema haraka. "Huyo alikuwa kaka yangu, Talal."

"Talal!" Bi Ghanima akapandisha sauti. "Talal alikuwa hajazaliwa! Na ilipofika zamu yake alitulia kama mutu mukubwa. Wee ndiye ulikimbia!"

"Haji Amur," akasema Mama Dorothée, akijitahidi kutunza uso wa kanuni. "Unakubali ama unakana?"

Muadh alikuwa akitikisa kichwa juu chini kama mjusi. Haji akavuta pumzi.

"Nakana. Hata kitambulisho kimekosea, mi sijafika hamsini."

Kisha Mama Dorothée akaandika, akapiga meza kwa kiganja: "Mkubwa kwa umri ni Gaspard." Na Gaspard, kwa furaha, akaruka juu kama winga wa kushoto, akakumbuka akiwa bado hewani, akatua kwa kugumia.

Nje barazani Waridi alimsubiri Haji. Hakuwa amelia hata kidogo.

"Mi nimesikia habari ya umri kwa mke wa Muadh, nimebadilisha magari mawili, nimepita vizuizi vya askari, nimebembeleza huyu bibi toka asubuhi, ili we upate kiti. Na we unamukana mbele ya watu?"

Haji akakishika kitambaa cha kidevuni. "Ulijua?"

"Haji, nani asiyejua? Ile rangi inaacha alama kwenye vitambaa vyako. Nimeshona mapazia matatu yenye ndevu zako."

"Lakini ulisema mzee mwingine hutaki."

"Marehemu alikuwa mzee toka ana miaka thelathini. Analala mchana, anauliza chakula, analalamika mvua. Wengine wanazaliwa hivyo. We umekimbia bila nguo mpaka sokoni." Akaanza kucheka tena. "Apana, mutu kama huyo hazeeki. Ila hiyo zambarau uinyoe."

Bungeni, siku ya uchaguzi, spika alisoma jina la Gaspard, mikono ikainuka, ya Haji ikiwa juu kuliko yote, makofi yakapigwa, na jambo likaisha kabla chai haijapoa. Redio ikasema makamu mpya amechaguliwa na bunge zima kwa sauti moja.

Gaspard hakufurahia kiti muda mrefu. Kila alipotaka kusema, mtu alimletea mto wa kuegemea. Mkewe, Lisette, alikatazwa na chama kumruhusu avae kaptula, kwa heshima ya cheo na ya magoti. Jumapili moja Gaspard alikutwa akipiga chenga peke yake nyuma ya nyumba, taa zimezimwa.

Haji na Waridi walioana Buyenzi baada ya Ramadhani. Bi Ghanima alikaa mbele, akasimulia habari ya meno kwa kila aliyepita kumpa mkono. Na zamu ya kiti ilipohamia chama kingine, ikasikika kwamba huko kanuni inataka kura zikilingana apewe mwenye watoto wengi. Haji aliposikia alikuwa akikata kitenge cha mteja. Alicheka mpaka mkasi ukaenda kombo, ikabidi akate upya.