Hukumu Inayoishia Namanga

Kesi aliishinda Muoki mwaka wa tisini na nne, lakini mkewe Kavindu ndiye aliyezunguka nayo. Msumeno wa umeme usio na kinga, katika karakana ya Jamil pale Majengo, Nairobi, ulikuwa umemkata Muoki vidole vitatu vya mkono wa kuume, mkono wa mchongaji. Mahakama ikaamuru Jamil alipe fidia. Jamil hakuwahi kufika kujitetea. Hukumu ilipotoka, alikuwa amekwisha kuhamishia mashine zake Arusha, akiwaacha mkewe Ruqaiya na binti yao Lela chumba cha pili, ukuta mmoja na Kavindu.

"Hukumu ya hapa inaweza kusajiliwa kule ili alipe," wakili alimwambia Kavindu. "Lakini Jamil ameapa kwamba samansi hakuiona. Nani alimpelekea?"

"Mimi."

"Wewe? Mke wa mdai?"

Samansi ilipoletwa ilikuwa Ramadhani, magharibi ikikaribia. Tarishi wa mahakama alipofika, Kavindu aliona haya. Utampaje jirani karatasi ya mashtaka na tende haijafika kinywani? Akamsihi tarishi amwachie yeye, na baada ya futari akampa Ruqaiya ampe mumewe. Tarishi akaandika kwamba ameiacha nyumbani kwa mshtakiwa, na Nairobi wakaridhika.

"Arusha hawataridhika," wakili akasema. "Mkewe aape kwamba aliiona mkononi mwa mumewe. Akikataa, tunaweza kumlazimisha kortini. Bila hivyo, hukumu yenu inaishia Namanga, mpakani."

Jioni Kavindu akamkuta Ruqaiya mkekani, akipeta mchele.

"Nilimpa," Ruqaiya akasema, hata hajamaliza kuulizwa. "Akaisoma, akaikunja, akacheka. Eti jirani zangu wameanza kujiona wakubwa."

"Basi useme hivyo hivyo, Mama Lela."

"Nikisema, nitakula wapi? Huu mchele ni wa Arusha. Kodi ni ya Arusha."

"Muoki hawezi kushika tezo."

"Najua. Ukiwa sokoni Gikomba, Lela ndiye humfungia viatu." Akaweka ungo chini. "Ungemwacha tarishi agonge mlango, Mama Mutisya. Heshima yako imetufunga sote."

Kavindu aliaga. Hatua zilikuwa chache kutoka mlango ule hadi wake, na katika hatua hizo alijua kwamba kumburuta Ruqaiya kortini hataweza. Nyuma yake ungo ulianza tena.

Muoki alikuwa kitandani, mkono umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Amekataa?"

"Hajakataa. Ni mimi siwezi kumlazimisha. Jamil akijua amesema, atakata matumizi, na mtoto yuko pale."

Muoki akasema polepole, bila hasira, "Kwa hivyo mkono wangu ndio unaomlisha Lela."

Upande wa pili wa ukuta, sauti ya ungo ilikoma.