Kibuyu Kitupu na Gambuti za Kazini

Gambuti zangu, buti za mpira za kazini, zilikuwa nyeusi, zenye ukingo mwekundu, na zilinifika chini kidogo ya goti. Kabla sijazaa nilikuwa naziingia bila kuzitazama, kama mkono unavyoingia mfukoni. Mtoto alipoanza kuinua kichwa mwenyewe, nikazitoa chini ya kitanda, nikazipangusa vumbi, nikaketi sakafuni kuzivaa. Wayo uliingia. Kifundo kiliingia. Shavu la mguu likakataa.

Nieleze kwa nini jambo hili halikuwa mzaha. Kazi yangu ilikuwa kupima mafuta ya maziwa katika kiwanda kidogo cha siagi nyuma ya stesheni ya Nakuru. Walinichukua kwa sababu nilikuwa nimesoma sekondari na niliweza kumimina asidi kwenye vichupa bila kuunguza meza. Sakafu ya pale ilioshwa kwa magadi makali yanayokula ngozi, na asiye na gambuti havuki mlango. Utasema ningechukua pea kubwa zaidi. Wayo wangu ni mdogo kama wa mtoto wa shule. Gambuti za wanaume zilinipwaya, na mtu anayeteleza huku ameshika asidi hahitaji kuambiwa mwisho wake. Utasema ningezipasua kwa nyuma. Magadi yangeingia.

Msimamizi wetu, memsabu mmoja mkavu wa maneno, aliniambia angeniwekea nafasi yangu mpaka mvua ndefu ianze. Mvua ikianza majani yanaota, maziwa yanakuja kwa wingi, naye angehitaji mtu aliyesimama juu ya sakafu, si mtu aliye njiani. Nilimwelewa. Nikahesabu mawingu badala ya kuhesabu tarehe.

Mume wangu, karani wa reli, alinikuta sakafuni navuta ile gambuti kwa mikono miwili. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Akasema, "Basi Mungu amekata shauri. Keti nyumbani ulee."

Hasira ile ninayo hadi leo. Haijapoa, na siitafutii maji. Nilikuwa nimeamka alfajiri miaka minne kusoma kwa taa ya kibatari, nimepita mtihani ulioangusha wavulana wengi, halafu shauri langu likatwe na shavu la mguu?

Nikaamua kuipunguza miguu. Shuleni kila asubuhi tulikuwa na drili. Mwalimu alipiga filimbi, nasi tukasimama kwa vidole, tukashuka, tukaruka, tukashuka tena. Katika kichwa changu kilichobaki ni kwamba kinachotoa jasho kinapunguza mwili. Tatizo lilikuwa mahali. Tuliishi kwenye landhi ya reli, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja, mlango ukitazamana na mlango. Jaribu kuruka kamba pale mchana, wewe mama wa mtoto, uone kama hawatamwita mchungaji aje akuombee. Na kwenda kutembea tu, bila sababu, hakukuwezekana. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Askari walisimama barabarani wakiuliza kila mtu anatoka wapi na anakwenda wapi, na wako wanawake waliojibu vizuri na bado wakapandishwa lori. Mwanamke aliyepita mikono mitupu alikuwa ni swali. Aliyebeba mzigo alikuwa amekwisha jibu.

Kwa hiyo nikabeba. Kila siku nilimfunga mtoto mgongoni, nikapanda mteremko wa Menengai kuokota kuni. Mtoto nilimhamishia kifuani wakati wa kurudi, kuni nikazining'iniza kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Kupanda nilipanda kwa vidole, kwa sababu mlima ulidai hivyo na kwa sababu ile filimbi ya mwalimu ilikuwa bado masikioni. Jioni, nikijifanya namtafuta kuku, nilisimama kwenye kizingiti nikipanda na kushuka kwa vidole mpaka miguu itetemeke. Nililala nimechoka, nimefurahi, nikijiona mjanja. Zoezi nimelipata, kuni nimezipata, askari nimempa jibu.

Mafuta ya mapajani yalipungua, sikatai. Lakini mashavu ya miguu yalifura na kuwa magumu kama mkate uliokaa dukani. Gambuti ambayo mwanzo ilikwama karibu na nusu, sasa ilikwama chini zaidi. Jirani yangu, mke wa mtia makaa wa gari-moshi, alikuwa akinitazama napita na kuni. Siku moja akaniita kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, reli wanatafuta mataruma ya kulaza chini ya njia. Hebu pitisha hiyo miguu ofisini." Landhi nzima ilicheka. Nilimwambia apitishe kwanza mdomo wake, wanatafuta honi.

Nyumbani nako nilikuwa na vita ya pili. Mama mkwe wangu alikuwa ameshuka kutoka kwao, kwenye vilima vya kaskazini, kuja kutusaidia na mtoto. Kwao mzazi hulishwa mpaka mgeni akiingia ajue nyumba hii ina ng'ombe. Alikuja na vibuyu vyake, akagandisha maziwa, akayatia masizi ya mti wao, na kila uji wangu ukaelea samli. Mimi lugha yake sikuijua hata ya kuomba maji. Yeye Kiswahili chake alikiokota kwa wachuuzi wa ng'ombe, na alikitumia kama wao, maneno machache na hakuna kurudi nyuma. Nilimwona ni askari wa mwanawe. Huyu ananinenepesha, yule ananicheka, na mvua inakuja.

Jumapili moja, baada ya kanisa, nilijaribu tena. Gambuti ikakwama. Nikaitupa, ikapiga ukuta, mtoto akalia. Mume wangu akasema niache kupigana na mpira, kisha akamgeukia mama yake ili amsaidie kunieleza nikae nyumbani.

Mama mkwe alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa juu ya magoti. Hakuacha kutikisa. Angeweza kumjibu mwanawe kwa lugha yao, nisisikie kitu. Alimjibu kwa Kiswahili.

"Mimi ilikaa nyumbani," alisema. "Nani ilinipa asante?"

Mume wangu aliichukua kofia yake. Kisha akaivaa, akatoka.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliniondolea mtoto mgongoni. Alisema mtoto anakohoa, upepo wa kule juu ni mbaya, na kuni atanunua yeye au tutakula vibichi. Nilimjibu kwamba bila mzigo sina la kumwambia askari. Akafikiri. Akachukua kibuyu kimoja, kirefu, chenye ukanda wa ngozi, akamwaga kilichobakia ndani, akanitundikia begani.

"Beba hii. Iko tupu," alisema. "Mwanamke iko na kibuyu, iko na safari."

Hivyo ndivyo nilivyopata ruhusa ya kutembea.

Sikupanda mlima tena. Nilishuka kuelekea ziwani, ambako ardhi ni tambarare na nyeupe, na heroe, wale ndege wa waridi, wamesimama majini kwa miguu ya vijiti, hawajui bahati yao. Nilitembea kwa hatua ndefu, kisigino kikitangulia, mikono ikienda mbele na nyuma, haraka kama mtu anayekwenda kugombana. Mara nyingi kweli nilikuwa nikigombana, kichwani, na mume wangu, na memsabu, na yule wa mataruma. Hasira ni kitu kizuri njiani, ukiipa barabara iliyonyooka. Nikifika kwenye majani makavu niliketi, nikanyoosha miguu mbele, nikavuta vidole vya miguu kunielekea mpaka nyuma ya magoti kulie. Hili nalo lilikuwa la drili ya shule. Tulilidharau wasichana wote kwa sababu halikutoa jasho.

Askari wa pale njia panda alinisimamisha siku ya kwanza. Akataka kujua kibuyu kina nini. Nikamwambia hakina kitu, nakwenda kutafuta maziwa. Akachungulia, akanusa, akaniachia. Niliporudi akauliza maziwa yako wapi. Nikasema hayakupatikana. Kesho yake hayakupatikana, na keshokutwa. Mwisho aliacha hata kuomba kitambulisho. Alinitazama napita na kibuyu changu kikigonga kiunoni, akasema kwa huruma, "Mama, badilisha ng'ombe."

Samli ilibaki kuwa ugomvi. Nilimwambia mama mkwe kwamba siwezi kutembea mchana kutwa halafu jioni anirudishie mwili kwa kijiko. Alikasirika, kwao kukataa samli ni kumkataa aliyeileta. Kisha akaipasha moto ile samli, akavuta kigoda, akaushika mguu wangu akauweka pajani pake.

"Hutaki kula," alisema, "basi mguu itakula."

Akanichua kutoka kisigino kwenda juu, kwa vidole vilivyokamua ng'ombe maisha yake yote. Mimi nimelelewa kumwinamia mama mkwe, sikulelewa kumpa nyayo zangu ashike. Nilitaka kuuondoa mguu. Akaubana. Siku zilizofuata nilikuwa nikimsubiri, sitaki kusema uongo, kama mtoto anavyosubiri kulishwa.

Wanawake wa landhi sasa wananiuliza nilifanyaje, hata yule jirani, ambaye huuliza akitazama pembeni. Nawajibu bila kupamba. Mzigo na mlima vinajenga. Mwangalieni ng'ombe wa kulima, shingo ile hakuzaliwa nayo. Ukitaka mguu mwembamba, uache wende mbali bila kuutwisha, mahali tambarare, kisha uunyooshe. Ukiacha kupanda kwa vidole, ule ugumu unalegea wenyewe, lakini hauondoki kwa juma moja. Na tafuta mtu wa kukushikia mtoto. Hapo ndipo wengi huguna na kurudi majumbani, maana barabara ipo ya kila mtu, wa kushika mtoto hayupo. Hilo linanikasirisha kuliko gambuti.

Kila Jumapili nilijipima kwa ule ukanda wa ngozi wa kibuyu, nikiuzungusha kwenye shavu la mguu. Mwanzo ncha zake hazikukutana. Baadaye ziligusana. Baadaye nikaweza kufunga fundo, dogo, la kubana. Sikuwa heroe. Nilikuwa mwanamke mwenye miguu yake, imerefuka kidogo kwa macho, imelainika.

Mawingu yalijikusanya upande wa Mau, yakakaa siku kadhaa yakitutisha. Kisha asubuhi moja tuliamshwa na mabati. Mvua ndefu ilikuwa imeanza, na memsabu hakuwa mtu wa kusubiri mpaka mchana.

Niliketi sakafuni. Gambuti ya kushoto iliingia. Ya kulia, ule mguu wangu wa nguvu, ikaingia mpaka palepale pa siku zote, ikasimama. Nikavuta. Ikasimama. Mume wangu alikuwa mlangoni amevaa tayari, koti la reli limepigwa pasi, kofia mkononi. Nilingoja aseme neno lake nimrushie ya kushoto.

Mama mkwe hakungoja. Alimchukua mtoto, akampachika mwanawe kifuani, juu ya lile koti, bila kumuuliza. Kisha akapiga magoti mbele yangu kwenye simenti. Akachovya vidole kwenye samli, akapitisha ndani ya ukingo mwekundu wote, akaishika gambuti kwa mikono miwili, akaiegemeza kwenye goti lake.

"Piga chini," alisema.

Nilisimama, nikakanyaga kwa miaka yangu yote ya kusoma. Hewa ikatoka ndani kwa sauti ya aibu, ambayo mtoto aliipenda sana, na kisigino kikagonga chini.

Mama mkwe alijifuta vidole kwenye nywele zake, kwa sababu samli haitupwi. Nilitaka kumshukuru, na kwa lugha yake sikuwa na neno, kwa Kiswahili nilikuwa nalo moja, lile alilosema hakupewa na mtu. Nikampa. "Asante, Mama." Akaguna, akaniambia nitachelewa.

Mume wangu alikuwa bado amemshika mtoto, mate yakimtiririkia kwenye vifungo vya koti. Nadhani hakuwa amepata kumshika akiwa na nguo za kazi. Alinitazama miguu, kisha akatazama nje. "Inanyesha," alisema. "Chukua koti langu." Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akalivua. Nikalichukua. Bado nina hasira naye kwa lile la kwanza, na namshukuru kwa koti. Moyo wangu una nafasi ya vyote viwili.

Nilipita njia panda nikichapa maji, gambuti zikilia kwenye matope. Askari alikuwa amejikunyata chini ya mti. Hakunitambua mpaka nilipomkaribia, kwa sababu ya koti, na kwa sababu bega langu halikuwa na kitu.

"Mama," alisema, "leo kibuyu kiko wapi?"

"Nimebadilisha ng'ombe," nikamjibu, nikapita.