Hori ya Kadzo

Nikisikia harufu ya nyasi kavu iliyochanganyika na ubani, moyo wangu hurudi Kibarani, kule Kilifi, miaka ya themanini, na wivu hunipanda upya. Kanisani kwetu, pango la Noeli tulilijenga watoto wenyewe kwa makuti na mawe ya matumbawe, na kondoo wetu wa udongo walifanana na panya. Mwaka ule katekista alitangaza kwamba kila mtoto alete hori, na mwenye hori itakayochaguliwa ndiye atakayembeba Mtoto Yesu kutoka mlangoni hadi pangoni. Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwahi kutamani kitu kama nilivyotamani kumbeba mtoto yule wa plasta.

Sisi tulikuwa Wakamba, watu wa bara, na kwa babu kulikuwa na ng'ombe, kwa hiyo nilijua kwamba hori ni chombo cha kulishia mifugo. Baba alinigongomelea moja kwa mbao za sanduku la chai. Jirani yangu Kadzo, Mgiriama, alijua hori nyingine, ile ya watu wa pwani, yaani mtumbwi mdogo. Alinijia mbio na kijitumbwi alichochongewa na mjomba wake kwa mti wa mkilifi, laini, chenye ncha mbili, kizuri mno.

"Mwende, kwenu muna ng'ombe wewe. Hori ya Yesu ni kama hii?"

Nikakitazama, roho ikaniuma. "Ndiyo hiyohiyo," nikamwambia. Nilitaka achekwe.

Na kweli, kanisani watoto wenzetu walimcheka. Kadzo akainamisha kichwa, nami nikaona raha. Lakini katekista, mzee wa Jilore, alikigeuzageuza kijitumbwi mkononi, akasema, "Hebu nyamazeni. Mtoto huyu kaja kwetu pwani, naalale kipwani." Sanduku langu likasukumwa nyuma, wakarundikwa humo kondoo waliovunjika miguu. Asubuhi ya Noeli Kadzo alipita katikati ya kanisa amempakata mtoto, nami nikalia kwa kijicho, mama akidhani ni ibada.

Siku hizi pango letu lanunuliwa dukani, plastiki tupu na taa za kumetameta, ila mtoto bado hulazwa katika kijitumbwi kile. Kila mwaka Kadzo huwasimulia watoto wa kanisa, mkono wake begani mwangu: "Huyu Mwende ndiye aliyenitia moyo. Asingekuwa yeye, ningekitupa." Mimi hutabasamu, nikazipokea shukrani. Hata uongo wangu ulimfaa yeye.