Askari Walipokuja Kukamata Nywele

Jumamosi moja mwaka 1994, katikati ya misa ya ndoa, askari waliingia kanisani Likasi, mji wa migodi ya shaba, kukamata nywele.

Ndiyo. Nywele.

Mwenye kuzibuni aliitwa Gertrude. Mume wake, Bertin, alikuwa bado anakwenda kiwandani kila asubuhi, ila mshahara ulishageuka hadithi. Chungu cha nyumba kilitegemea vidole vya mama, aliyekuwa msusi.

Na meshi, zile nywele za bandia za kusukia, zilikuwa zimepotea tangu maduka yaporwe.

Basi Gertrude akakumbuka bibi yake alivyomsimulia kuhusu wake wa machifu wa zamani: nywele zimeinuliwa nyuma kama kikapu, na shaba nyembamba imezungushwa ndani. Akaupunguza ule mtindo, akauinamisha upande kidogo uende na nguo za kisasa. Akauita Reine, yaani Malkia.

Mji ukapagawa!

Sharti lilikuwa moja tu: kila mama aje na waya wake. Gertrude anausugua kwa ndimu na majivu mpaka unang'aa, anasuka. Umetoka wapi? Hakuuliza. Kwa njaa ile, maswali yalikuwa anasa.

Huku nyaya za umeme zikaanza kutoweka kwenye nguzo. Mitaa ikazama gizani, akina mama wakazidi kumeta.

Sasa turudi kanisani. Bibi harusi, Chérie, yuko mbele ya padri, kichwa kinawaka. Mlango ukafunguliwa, pwaa! Komanda Octave na askari wake.

"Bamama bote beko na shaba ku kichwa, simameni! Nani alibasuka?"

Vichwa vyote vya shaba vikamgeukia Gertrude.

Akilini akaliona gereza la Buluo, akawaona watoto wake wakilala na njaa.

"Ni minye, komanda. Lakini minye ninasukaka tu. Kila mama anakuyaka na waya yake."

"Ile ni bongo, haiko kweli! Weye njo mukubwa ya bamwizi. Leo utalala Buluo!"

Askari wawili wakamshika mikono.

Hapo akasimama Madame Stéphanie, mke wa komanda mwenyewe. Reine yake ilikuwa kubwa kuliko ya bibi harusi.

"Papa Octave, umuache. Anasema kweli. Hata minye nilikuya na waya yangu."

"Ikala chini, Stéphanie."

"Hapana! Mama wa watu asifungwe bure. Yangu nilitosha mu masaki yako ya waya, kule chini ya kitanda. Imejaa, nilikamata tu kidogo!"

Maskini, alimtetea kwa moyo safi kabisa.

Padri akakohoa. Mikono iliyomshika Gertrude ikalegea yenyewe. Askari mmoja akaanza kuchunguza dari. Komanda akageuka, akatoka.

Chérie akasema "oui" yake, akaolewa.

Mnadhani komanda alifungwa? Wapi! Alihamishiwa Kakanda, kwenye shaba nyingi zaidi, na cheo juu.

Gertrude alifika nyumbani, akalia, kisha akacheka mpaka Bertin akaogopa. Jumatatu wateja walijaa mlangoni. Hakuna aliyetaja Reine tena.

"Mama Gertrude, unifanyie ile Chini-ya-Kitanda!"

Funzo, ndugu zangu: mkubwa akipiga kelele za mwizi, msikimbie upesi kumshika mtu. Mwacheni kwanza mke wake aongee.