Mbwa wa Fundi na Mkasi wa Kitambaa

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mbwa aliyemwita Meneja, maana kutwa alilala chini ya meza akitazama wenzake wakifanya kazi. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, Meneja ndiye aliyebaki kumsikiliza fundi akilalamikia wateja, uzi mbovu na mgongo. Mkewe alishachoka kuyasikia zamani, na wala huwezi kumlaumu.

Shida ni kwamba Meneja hakuwa na adabu kwa wageni. Mtu akipiga hodi tu, huyo mlangoni, anamrukia kifuani. Siku alipopiga chapa miguu yake ya tope kwenye gauni la bibi harusi, uvumilivu wa mke ukaisha.

"Baba watoto, sikiliza. Mbwa huyu ajue kukaa mkekani wageni wakija, au Jumamosi kaka yangu anakuja kumchukua."

Kaka mtu alikuwa mlinzi wa ghala, na mbwa wake walishinda wamefungwa minyororo. Bila Meneja, fundi angeongea na nani mchana kutwa? Lakini mwanamume mzima alie kwa ajili ya mbwa? Akajifanya anatafuta sindano uvunguni mwa meza.

"Nimefundisha vijana kushona suruali," akajitapa alipoibuka, "mbwa atanishinda?" Hakutaja kwamba katika vijana hao mmoja alitoroka, na mwingine sasa anauza vitunguu.

Akaweka kando nguo zote za kukatwa mpaka Jumamosi, akanunua maini, akayachemsha. Mkewe akasimamishwa nje ya mlango wake mwenyewe apige hodi, majirani wanamtazama. Hodi ikilia, fundi anamwonyesha Meneja mkeka wa pale pembeni. Meneja akikaa, fundi anakata kipande cha ini, anampa. Na anakatia nini? Jamani! Mkasi wa kitambaa! Mkasi ule ule ambao mkewe aliwahi kununiwa wiki nzima kwa kuukatia karatasi. Kisu kilikuwa jikoni, na bwana mkubwa aliona uvivu kukifuata.

Mbwa akaelewa haraka. Hodi, mkekani. Hodi, mkekani. Fundi akawa anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyekaa.

Jumamosi shemeji akafika na mnyororo wake mkononi, akapewa kiti. Punde mama wa yule bibi harusi naye akapiga hodi, amekuja gauni lipunguzwe chini. Meneja akainuka taratibu, akaenda mkekani, akatulia tuli. Hata shemeji akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Umeona, shemeji?" fundi akasema, pini zimemjaa mdomoni. "Ni akili tu."

Akalikunjua gauni, akaanza kukata. Kacha! Meneja huyo, kapita katikati ya miguu ya shemeji, kajaa mbele ya fundi kinywa wazi, mguu mmoja mapajani kwa mama wa watu.

"Mkekani!" Meneja akarudi mkekani. Kacha! Meneja huyu hapa.

"Fundi," yule mama akauliza, akivuta sketi yake, "kwani unamwita au unamfukuza?"

Hapo ndipo fundi akaduwaa. Kumbe kila ini lilipokatwa, mbwa alisikia mkasi. Mkasi ukilia, chakula tayari! Na katika nyumba hii ni nani anayekata kuanzia asubuhi? Lo, fundi! Fundi wewe!

Shemeji akasimama, akaanza kuunyoosha mnyororo.

Fundi akatema pini, maana huwezi kulia nazo mdomoni, na machozi yalikuwa yameshamfika. "Mke wangu, mbwa hana kosa. Yeye kasoma vizuri. Mjinga ni mwalimu. Usimtoe, tafadhali. Nitabaki na nani mimi?"

Mkewe akamtazama, yeye na pua yake inayochuruzika mbele ya mteja. Akamnyang'anya mkasi, akaenda mpaka pembeni, akasimama juu ya mkeka. Kacha! akakata hewa. Meneja akamkimbilia, akakaa miguuni pake.

"Kaka, maliza chai yako, uende na mnyororo wako," akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Na wewe kusanya vitambaa vyako, uje ukatie hapa."

Basi ndivyo ilivyo hadi leo. Cherehani iko dirishani, lakini kila penye kitu cha kukatwa, fundi anapiga magoti pembeni, magoti yanamlilia, na Meneja kakaa kando yake akidai haki yake. Hodi ikisikika mbwa anakwenda mkekani, na fundi, mkasi mkononi, anamfuata ili mbwa abaki pale. Wateja wapya wakiwaona wawili hao wamekaa bega kwa bega wanaukodolea macho mlango, husita kuingia.

"Piteni tu, msiogope," mkewe huwaambia. "Wamefundishwa wote wawili."