Kibuyu cha Mbegu ya Ulezi

Ni mwaka ule tuliokula unga wa njano wa msaada, ule unaonuka gunia hata ukiusonga kwa maziwa. Mtu wa umri wangu pale kijijini kwetu Buswahili haulizi ni mwaka gani. Mama alikuwa na kibuyu kimoja cha mbegu ya ulezi, kakiziba mdomo kwa mavi ya ng'ombe, kakitundika juu ya mafiga moshi ufukuze wadudu. Tulilala njaa tukikitazama. Mbegu si chakula.

Mvua ilipokuja mama akakishusha. Chepesi! Mdomo ulikuwa umezibwa upya kwa udongo mtupu. Dada yangu Nyangeta, niliyelala naye ngozi moja, akaninyooshea kidole: "Ni huyu. Nilimwona anatafuna." Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hata punje sikuionja.

Tulikuwaga darasa moja la komunyo ya kwanza. Katekista akanisimamisha mbele ya wenzangu nitubu. Nikamwambia, "Sisemi neno ambalo halimo moyoni mwangu." Akasema dhambi zote husamehewa, ila anayemkatalia Roho Mtakatifu mchana kweupe, huyo basi tena. Njiani watoto wakanizomea: "Shetani kashakutandikia kitanda!" Jumapili ya komunyo nilibaki nje na mbuzi. Nyangeta akapita na gauni jeupe, viganja kavikutanisha kama malaika, hakunitazama. Komunyo nilikuja kuipata kwa padre mwingine, nimeshaolewa. Miaka yote hiyo nilijua nikifa naungua kwa ulezi wa mtu mwingine. Na mama amekufa anajua ni mimi.

Leo nina wajukuu kumi na mmoja, wote nimewavalisha nyeupe kwa mikono yangu. Juzi Nyangeta kaja hapa Musoma kutoka Kibara, miguu imevimba, kashikwa mkono na katekista wao, mama mmoja mpole.

"Mdogo wangu, ni mimi nilikula. Njaa ilinizidi."

"Njaa nimeisamehe zamani, tulikuwa nayo wote. Gauni je? Na mama je?"

Akalia. Nikampa uji wa ulezi, kikombe mpaka juu, akaumaliza.

"Hakuna dhambi isiyosameheka, mama," katekista akasema. "Mwambie tu umemsamehe, apumzike."

Ajabu. Ilipokuwa yangu, ilikuwepo. Leo ni ya Nyangeta, haipo.

"Sema tu, mama."

"Sisemi neno ambalo halimo moyoni mwangu."